Umeme wa nyumba ya pembezoni: pima kwanza, nunua baadaye

Bwawa la Mtera limejengwa katika mto Ruaha Mkuu, mpakani mwa mikoa ya Dodoma na Iringa, na mitambo yake ya megawati 80 ilianza kazi mwaka 1988. Kutoka hapo njia kuu ya umeme hupita Dodoma, Singida na Shinyanga, ikafika hadi Mwanza. Hata hivyo, karibu na nguzo za njia hiyo zimekuwapo nyumba ambazo taa yake ni kibatari. Wengi wamejiuliza: yawezekanaje umeme upite juu ya paa la mtu naye asipate hata wa taa moja?

Jibu ni kwamba umeme huo husafiri kwa msukumo wa volti 220,000, na nyumba huhitaji volti 230 tu. Ili kuushusha hapana budi kujenga kituo, kuweka transfoma na kusimika nguzo nyingine ndogo. Gharama hiyo hubebeka pale nyumba zinapokaribiana. Wakala wa Nishati Vijijini, uliotokana na sheria ya mwaka 2005 na kuanza kazi mwaka 2007, umefikisha nguzo katika vijiji vingi sana. Lakini nguzo ikifika kijijini haijafika katika kila nyumba. Katika nyanda hizi za kati, kaya za wakulima na wafugaji zimetawanyika. Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 ilizikusanya pamoja; lakini ng'ombe hutaka malisho na uwele hutaka shamba, na baada ya muda wako waliorudi kujenga karibu na mashamba yao.

Mwenye nyumba ya namna hiyo ana njia mbili: kungoja nguzo, au kujizalishia umeme wake mwenyewe. Makala haya yanamhusu yule aliyeamua kutongoja.

MAJI, MAFUTA, UPEPO AU JUA?

Huko Mufindi, mto Mwenga umekuwa ukizungusha mtambo wa megawati 4 tangu mwaka 2012 na kuwapa wanavijiji umeme, kwa kuwa mito ya huko haikauki. Mito yetu, kama Kinyasungwe na Bubu, sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu. Maji, basi, tuyaweke kando.

Jenereta ya petroli huwaka papo hapo, lakini hunywa mafuta mengi hata ikibeba mzigo mdogo. Kuiwasha kwa ajili ya taa nne ni sawa na kuchinja ng'ombe kwa ajili ya mgeni mmoja. Tena mafuta yenyewe yafuatwe mjini kwa baiskeli au pikipiki.

Upepo tunao, hasa katika miezi ya kiangazi, nao wenyeji wa Singida wanaujua zaidi. Lakini upepo una kanuni ngumu: kasi yake ikiongezeka mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nane; na kasi ikipungua nusu, nguvu hubaki sehemu moja ya nane. Aidha, pangaboi lake huhitaji mnara mrefu, grisi na fundi wa kupanda.

Linabaki jua. Mvua zetu ni za msimu mmoja, aghalabu Desemba hadi Aprili, na miezi mingine mbingu ni nyeupe. Kwa wastani siku moja ya Dodoma hutupa nguvu inayolingana na saa 5 hadi 6 za jua kali. Chembe za silikoni zinazogeuza mwanga kuwa umeme zilitangazwa Marekani mwaka 1954, na mwaka 1958 zilikwisha kurushwa angani katika satelaiti. Kilichokuwa chombo cha wataalamu wa anga leo huuzwa gulioni kando ya vitenge na majembe.

MALI BILA DAFTARI

Hapo ndipo hatari ilipo. Watu wengi hununua paneli kwanza, kwa ukubwa wa fedha zao au kwa maneno ya muuzaji, kisha huanza kujiuliza itawasha nini. Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Basi chukua daftari la mtoto, uandike.

Tuseme nyumba yako ina taa 4 za wati 5 kila moja, zinazowaka saa 5 kwa usiku. Hizo ni wati-saa 100. Redio ya wati 10 kwa saa 5 ni wati-saa 50. Simu mbili zikichajiwa, tia wati-saa 20. Televisheni ndogo ya wati 25 kwa saa 4 ni wati-saa 100. Jumla ni 270.

Umeme mwingine hupotea katika waya, katika betri na kwa joto. Kwa hiyo ongeza theluthi moja, upate 360. Gawa kwa saa 5 za jua: unapata 72. Nyumba hiyo inahitaji paneli isiyopungua wati 80, na ukinunua ya wati 100 utakuwa umejiwekea akiba ya siku za mawingu.

Hesabu hiyo hiyo itakuonyesha kisichofaa. Pasi ya wati 1,000 ikiwashwa nusu saa tu hula wati-saa 500, karibu mara mbili ya matumizi ya siku nzima ya nyumba yetu. Pasi ya mkaa, basi, usiitupe.

KIHENGE CHA NYUMBA

Paneli ni shamba na betri ni kihenge. Jua huvunwa mchana na kuliwa usiku, nacho kihenge lazima kitoshe siku ambazo shamba halikuzaa. Tukitaka akiba ya siku mbili, tunahitaji wati-saa 540. Lakini betri ya risasi na asidi haipendi kushushwa chini ya nusu. Ikikaushwa mara kwa mara hufa mapema. Hivyo ihesabu mara mbili, yaani 1,080, ugawe kwa volti 12: ni ampea-saa 90, na ya dukani itakuwa ya 100. Betri za lithiamu huvumilia kutumiwa hadi sehemu nane kwa kumi. Hapo ya ampea-saa 60 itatosha. Bei yake huwa juu zaidi, lakini hudumu miaka mingi zaidi.

Kati ya paneli na betri, usikose kontrola ya chaji. Chombo hicho huzuia betri isijazwe kupita kiasi na hukata umeme kabla haijakauka. Anayeikwepa ili kuokoa fedha kidogo hulipa betri nzima. Weka fyuzi karibu na betri, na betri yenyewe ikae penye hewa, mbali na moto na kitanda. Ikizeeka, usiitupe uani: risasi yake ni sumu kwa watoto.

Ama kuhusu paneli, ielekezwe kaskazini kwa mwinamo mdogo wa nyuzi kama 10, ili mvua iweze kuiosha. Isifikiwe na kivuli, hata cha tawi moja. Juu ya bati, iachie nafasi hewa ipite chini yake, kwani joto huipunguzia nguvu. Tembe lenye dari la udongo usilitwishe mzigo. Simika paneli juu ya nguzo imara kando ya nyumba, mbuzi wasipoifikia. Vumbi la kiangazi lifute alfajiri kwa kitambaa laini chenye unyevu. Kopo moja la maji latosha.

Na kama unanunua kwa malipo ya kidogo kidogo kupitia simu, zidisha kiasi cha kila malipo kwa idadi ya malipo yote kabla hujakubali. Jumla ndiyo bei.

KIKAO CHA FAMILIA

Limebaki jambo moja ambalo fundi hawezi kukufungia. Jioni ya Januari, mawingu yametanda siku ya tatu, na betri imebakiwa na kidogo. Baba anataka mpira katika televisheni, mama anataka taa ya jikoni, mtoto wa darasa la saba ana kitabu mbele yake. Nani apewe? Nyumba isiyo na mapatano humpa mwenye sauti kubwa, na mtoto hurudi kwenye kibatari na moshi wake.

Afadhali mpatane mapema, mama na watoto wakiwapo. Andikeni katika daftari lile lile kipi kizimwe kwanza na kipi kiwake hadi mwisho. Katika nchi hii inayojua njaa, kila mzazi amefundishwa kwamba hata kihenge kikibaki na debe moja, mbegu haziliwi. Katika kihenge cha umeme, mbegu ni ile taa ya kitabu.