Adhabu Inapomkuta Asiyekuwepo Darasani
(Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia Januari 1989, pale John Thompson, kocha wa kikapu wa Chuo Kikuu cha Georgetown, alipotoka uwanjani na kuiacha timu yake icheze bila yeye. Alikuwa anapinga azimio la kuwanyima ufadhili vijana wasiofikisha alama za kuingilia chuoni. Hayo yalikuwa ya mlangoni. Leo tuingie ndani, tuone kijana aliyekwisha kupokelewa anapimwaje, na timu yake inaadhibiwaje.

Kipimo chenyewe kinaitwa APR. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu vya Marekani, kilianza kukusanya takwimu zake mwaka 2003. Hesabu yake si ngumu. Kila mchezaji anayelipiwa masomo anaweza kuiletea timu pointi mbili kila muhula: moja akifaulu kiasi cha kuruhusiwa kuendelea kucheza, ya pili akibaki chuoni au akihitimu. Unajumlisha pointi zilizopatikana, unagawanya kwa zile ambazo zingepatikana, unazidisha kwa 1000.

Tuchukue timu ya kikapu yenye wachezaji 13 wa ufadhili. Kwa mihula miwili, pointi zao zote ni 52. Msimu umekwisha, na vijana wawili wenye ndoto ya kucheza kwa kulipwa wanafunga mabegi. Mitihani ya Mei hawaifanyi, na chuoni hawarudi. Kila mmoja ameipotezea timu pointi zake zote mbili za muhula huo. Wenzao 11 wamefaulu bila kasoro. Pointi 48 kwa 52 ni 923. Kiwango kinachotakiwa ni 930.

Kweli, kinachohesabiwa ni wastani wa miaka minne, kwa hiyo mwaka mmoja mbaya unaweza kufunikwa na mitatu mizuri. Lakini wastani huo una makali pande zote mbili. Mwaka ukiharibika sana, deni lake linabaki shingoni mwa timu hata baada ya walioliingia kuondoka, na ndiyo yaliyoikuta Connecticut.

Timu ya kikapu ya wanaume ya chuo hicho ilitwaa ubingwa wa taifa Aprili 2011. Miezi michache baadaye, Oktoba, NCAA ikapitisha sheria mpya: timu yenye APR ya chini haitacheza mashindano ya ubingwa. Awali, hadi vyuo vizoee, ilitosha kupata 900 kwa wastani wa miaka minne, au 930 kwa wastani wa miaka miwili ya karibuni. Connecticut walikuwa na 826 kwa mwaka wa masomo 2009–10 na 978 kwa mwaka uliofuata. Wastani wa miaka hiyo miwili ni 902. Ule wa minne ulikuwa chini ya 900. Wakafungiwa mashindano ya 2013.

Tazama tarehe hizo kwa makini. Alama ya 826 ilipatikana kabla sheria haijaandikwa. Shabazz Napier, mlinzi wa timu hiyo, alikuwa bado sekondari wakati huo. Mwenzake Ryan Boatright alifika chuoni mwaka 2011. Vijana hawa walilipa deni la madarasa ambayo hawakuwahi kukaa. Wenzao kadhaa waliamua kuhama au kwenda NBA, na siwezi kuwalaumu: mchezaji ana misimu minne tu ya kucheza chuoni, na kumwambia asubiri mmoja upite si jambo dogo. Kocha Jim Calhoun alistaafu Septemba 2012 akiwa na miaka 70. Napier na Boatright walibaki, wakacheza msimu mzima wakijua kwamba Machi hakuna safari ya mashindano.

Kabla ya hapo chuo kilikuwa kimeomba adhabu mbadala. Kilijitolea kupunguza idadi ya mechi zake, kuacha fedha ambazo kingepata kutokana na mashindano ya 2013, na kumzuia kocha mkuu kutoka nje ya chuo kutafuta wachezaji wapya kwa kipindi fulani. NCAA ikakataa. Mimi naamini ombi lile lilikuwa na haki kuliko adhabu yenyewe, hata kama aliyeliandika alikuwa anajiokoa. Liligusa mfuko wa chuo na mkono wa kocha. Tukumbuke kwamba mwaka 2010 NCAA ilikuwa imeuza haki za kutangaza mashindano hayo kwa dola bilioni 10.8 kwa miaka 14. Palipo na fedha za namna hiyo, kumkata mwenye mfuko ndiko kunakouma.

(Msomaji atauliza yaliishaje. Mwaka 2014 Connecticut waliruhusiwa kurudi, wakaifunga Kentucky 60–54 kwenye fainali, Napier akiwa nahodha wa mambo yote uwanjani.)

Connecticut, hata hivyo, ni chuo chenye nguvu. Kina walimu wa ziada wa wachezaji, vyumba vya kujisomea, na washauri wanaojua ni lini mchezaji ameruka kipindi. Twende Baton Rouge, Louisiana, kwenye Chuo Kikuu cha Southern, kimoja kati ya vyuo vilivyoanzishwa kwa ajili ya Wamarekani Weusi wakati milango ya vyuo vingine ilikuwa imefungwa kwao. Mwaka 2014 timu zake zote zilizuiwa kucheza mashindano ya ubingwa. Sababu? Takwimu zilizopelekwa NCAA hazikuweza kutumika. Yaani tatizo lilikuwa kwenye majalada ya ofisi. Msichana anayekimbia mita 400 na kufaulu masomo yote alikaa nyumbani kwa sababu karani wa chuo hakuwa na mfumo mzuri wa kutunza kumbukumbu, au karani huyo hakuwepo kabisa. NCAA ilivipa vyuo vyenye uwezo mdogo muda zaidi wa kufikia viwango, na kwa hilo inastahili sifa yake. Ila muda peke yake hauajiri karani.

Sasa weka kando ya Southern chuo cha North Carolina, Chapel Hill. Ripoti ya uchunguzi ya Oktoba 2014 ilionyesha kwamba kwa miaka 18 kulikuwa na madarasa yasiyokuwa na mwalimu wala kipindi: mwanafunzi aliandika insha moja, akapewa alama nono. Zaidi ya wanafunzi 3,100 walipitia humo, karibu nusu yao wanamichezo. Kwenye hesabu za APR wanamichezo hao walionekana wamefaulu vizuri tu. Oktoba 2017 NCAA ikatoa uamuzi: madarasa yale yalikuwa wazi kwa kila mwanafunzi, si wachezaji pekee, kwa hiyo haiwezi kusema sheria zake zimevunjwa. Timu ya kikapu ya wanaume haikufungiwa. Ndiyo timu iliyokuwa imetwaa ubingwa wa taifa Aprili ya mwaka huohuo.

Kwa ndugu zetu wanariadha jambo hili si la mbali. Tangu enzi za Suleiman Nyambui pale El Paso na Henry Rono kule Washington State, vijana wa Tanzania na Kenya wamekuwa wakikimbilia vyuo hivi. Kijana wa Iten anayefaulu kila somo anaweza kuukosa ubingwa kwa sababu ya wenzake walioacha shule miaka miwili kabla hajapanda ndege.

NCAA huchapisha pia APR ya kila kocha mkuu, nayo humfuata kila chuo anachohamia. Haina adhabu yoyote. Kocha aliyeiacha timu na 826 anaweza kusaini mkataba mnono kwingine wiki inayofuata, na vijana aliowaacha ndio wanaobaki kuhesabu miezi.

Wiki ijayo: waliokuwa wachezaji wa Savannah State wanaipeleka NCAA mahakamani.