Jaji wa picha za 3D anatazama nini?

Azima sindano na uzi kwa fundi cherehani pale Tandika, fumba jicho moja, halafu tunga. Uzi utapita pembeni mara kadhaa na fundi atakucheka. Macho yetu yameachana kwa takriban sentimita 6.5, kwa hiyo kila jicho linaiona dunia kutoka upande wake. Ubongo unalinganisha picha hizo mbili, na ile tofauti ndogo ndiyo unaigeuza kuwa kina, yaani kipi kiko karibu na kipi kiko mbali. Charles Wheatstone alilieleza jambo hili mwaka 1838 kwa kutumia michoro na vioo.

Picha ya stereo inaiga macho. Unapiga mbili, ya kushoto na ya kulia, na kila jicho linaoneshwa yake. Hata simu inatosha: egemea mguu wa kushoto, piga, hamia mguu wa kulia, piga tena. Kwa mafungu ya nyanya sokoni itakubali. Kwa bodaboda inayokimbia, haikubali, kwa sababu itakuwa imehama kati ya picha ya kwanza na ya pili.

Sasa umeipeleka kwenye shindano. Chama kama Photographic Society of America kina kitengo maalumu cha picha za 3D, na majaji wake hutazama mambo ambayo jaji wa picha ya kawaida hayawazi.

La kwanza ni afya ya macho. Macho yetu yanaweza kugeuka pamoja kuelekea puani, lakini hayakuzoea moja kupanda huku jingine likishuka. Picha moja ikiwa juu kidogo ya mwenzake, mtazamaji anapata maumivu ya kichwa bila kujua sababu. Ukizibadilisha kushoto na kulia, cha mbele kinarudi nyuma.

La pili ni dirisha. Fremu ya picha ni kama dirisha unalochungulia. Mtumbwi wa Kunduchi ukichomoza mbele ya dirisha huku umekatwa na ukingo wa fremu, ubongo unapokea habari mbili zinazopingana: kina kinasema mtumbwi uko mbele, ukingo unasema uko nyuma. Dawa yake ni kusogeza picha hizo mbili kwa mlalo mpaka mtumbwi urudi ndani.

La tatu ni umbali kati ya picha mbili. Wapigaji wengi hutumia kanuni ya moja kwa thelathini: kitu cha karibu kikiwa mita 2, sogea kama sentimita 6.5, kikiwa mita 30, sogea mita 1. Ukizidisha sana, ghorofa linaonekana kama kijumba cha kuchezea.

Mwisho linabaki swali gumu: kina kimeongeza nini? Kitu kuchomoza usoni kinashangaza mara moja tu. James Grant, aliyefika Unguja mwaka 1860 pamoja na John Speke, alipiga picha za stereo kisiwani, likiwemo soko la watumwa, ambalo lilifungwa mwaka 1873. Katika picha bapa, watu wa mbele na wa nyuma hugandana kuwa umati. Kina kikirudi, kila mtu anasimama mahali pake, na ni vigumu zaidi kumpita bila kumwona. Hiyo ndiyo kazi ya kina.

Hapo pana tatizo la haki. Wapo watu wasioona kina cha stereo kabisa, hasa wale waliokuwa na kengeza au jicho vivu tangu utotoni, na wengine hawajijui. Mtu huyo akikalia kiti cha jaji, atatoa alama kwa rangi na mpangilio tu, na kijana wa Mbagala aliyehangaika na kina atashindwa bila kujua kwa nini. Kwa hiyo kabla ya kupima picha, majaji wenyewe wapimwe macho. Kipimo chake ni cha dakika chache tu.