Mchezo wa Soko la Vitunguu: Njia Moja ya Kufundisha Kupanda na Kushuka kwa Bei

Katika ziara zetu za kuwakagua walimu wanafunzi waliokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, tulihudhuria somo moja la darasa la sita juu ya mazao ya biashara. Mwalimu alikuwa amejiandaa vema na ubao wake ulikuwa nadhifu. Mtoto mmoja akauliza kwa nini vitunguu vilivyowapatia watu baiskeli na mabati mwaka uliotangulia vilitupwa kando ya barabara mwaka ule. Mwalimu akajibu kwamba wakulima wetu hawana elimu ya kupanga. Hulima kwa kuigana. Mtoto akaketi, akainamia daftari lake, na hakunyoosha mkono tena mpaka kipindi kikaisha. Baadaye tuliambiwa kuwa baba yake alikuwa miongoni mwa waliotupa.

Jibu lile halikutolewa kwa nia mbaya, na wengi wetu tungeweza kulitoa. Hata hivyo lilikuwa na kosa, na kosa lenyewe ni la elimu kabla ya kuwa la adabu. Katika makala haya tutajaribu kuonyesha kosa hilo liko wapi, kisha tutaeleza mchezo unaoweza kulisahihisha kwa vifaa visivyozidi punje za maharage, ubao na chaki.

Tumtazame kwanza mkulima mwenyewe. Tangu kusia mbegu kitaluni hadi kuvuna, vitunguu huchukua yapata miezi mitano. Mkulima hulazimika kuamua leo apande majaruba mangapi, hali bei atakayouzia itajulikana miezi mitano baadaye. Hajui wakulima wa mabonde mengine wameamua nini. Hana siku za kuzunguka kuwauliza, wala hana fedha za kungojea. Jambo moja tu analolijua kwa hakika ni bei ya msimu uliopita, nalo ndilo analoliegemea. Je, huo ni ujinga? Mtaalamu wa Kimarekani, Herbert Simon, aliyepewa tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978, alieleza kwamba binadamu yeyote, awe mkulima au mkurugenzi, huamua akiwa na habari chache, muda mfupi na akili yenye mipaka. Kwa hiyo hatafuti lililo bora kupita yote. Hutafuta linalotosha, akilipata huishia hapo. Mkulima wetu anafanya hivyo hivyo. Uamuzi wake, ukiutazama peke yake, una busara.

Matata huanza pale maelfu ya watu wanapofanya uamuzi mmoja wenye busara kwa wakati mmoja. Bei ya juu huwavuta wote kupanda, mavuno hufurika, bei huanguka. Bei ya chini huwafukuza wote, vitunguu huadimika, bei hupaa. Wala si jambo la Afrika peke yake. Huko Ujerumani, katika miaka ya 1920, Arthur Hanau alichunguza bei za nguruwe akaona mzunguko wa namna hii, kwa kuwa nguruwe nao huchukua muda mrefu tangu kupandishwa kwa jike hadi kuuzwa kwa nyama. Mwaka 1938 Mmarekani Mordecai Ezekiel aliandika makala mashuhuri juu ya nadharia ya utando wa buibui, iitwayo hivyo kwa sababu mistari ya bei na mazao ikichorwa hufanana na utando huo. Wafugaji wale wa Ulaya walikuwa wamesoma, tena walikuwa na magazeti ya bei. Tunasisitiza jambo hili kwa makusudi.

Sasa tuje kwenye mchezo. Ligawe darasa katika kaya 10. Kila kaya ipewe punje 10 za maharage. Punje moja ni jaruba moja, na kila jaruba hutoa gunia moja. Mwalimu ni soko. Kanuni ya bei iandikwe ubaoni: bei ya gunia ni shilingi 100, ukiondoa idadi ya magunia yote yaliyoletwa. Yakija magunia 40, bei ni shilingi 60. Yakija 80, bei ni shilingi 20. Mwanzoni tangaza kwamba msimu uliopita bei ilikuwa 70. Kila kaya ijadiliane kwa kunong'ona, kisha ilete punje zake zikiwa zimefichwa kiganjani. Usiwaambie wapande ngapi. Waache waamue, na ubaoni andika tu bei ya kila msimu. Kelele zitakuwapo, nasi tunawashauri mzivumilie.

Watoto hawatafuata hesabu barabara, lakini ili kuelewa kinachotokea tuchukue kwamba kila kaya hupanda jaruba moja kwa kila shilingi 10 za bei iliyopita. Bei 70 huleta majaruba 7 kwa kila kaya, jumla magunia 70, na bei mpya ni 30. Bei 30 huleta magunia 30, na bei hurudi 70. Itakwenda hivyo, 70 na 30, hata mkicheza hadi kengele ya kwenda nyumbani. Hapa muulize mtoto yeyote: ni kaya gani iliyokosea? Hataipata. Lakini bei ya 50 ingewatuliza wote, kwa sababu kwa bei hiyo kila kaya ingepanda 5, magunia yangekuwa 50, na bei ingebaki 50. Mahali pa kutulia papo. Njia ya kufikia ndiyo haipo.

Baada ya hapo badilisheni mazoea ya kuamua. Kwanza, kila kaya itazame wastani wa misimu miwili badala ya mmoja. Baada ya 70 na 30, bei huwa 50, halafu 60, halafu 45: bado inayumba, ila kwa hatua fupi zaidi. (Ili kupata magunia 55, kaya tano zipande 5 na tano zipande 6.) Pili, kaya tano ziwe za wazee wasiobabaika, wapandao 5 kila msimu bei iweje. Bei itakwenda 70, 40, 55, ikisogelea 50. Zoezi hili hutufurahisha sana, maana linawapa heshima wale ambao maofisa hupenda kuwaita wapinga mabadiliko. Tatu, wawepo wenye pupa: kwa kila shilingi 10 juu ya 50 waongeze majaruba 2 juu ya 5, na kwa kila 10 chini yake wapunguze 2. Anzeni na bei 60 tu. Msimu unaofuata bei ni 30, kisha 90, kisha kila kaya inamwaga punje zake zote 10 na bei inakuwa sifuri. Darasa litacheka. Ngoja kicheko kiishe, ndipo uulize vitunguu vya bei sifuri hupelekwa wapi.

Ili tofauti ya hali hizo ishike akilini, leta gololi na bakuli. Gololi iliyo ndani ya bakuli, ukiisukuma, huyumba kisha hurudi chini. Ukilifudikiza bakuli na kuiweka gololi juu ya kitako, yamkini itatulia kidogo, lakini pumzi ya mtu yatosha kuiangusha. Zote mbili zilikuwa zimetulia, ila moja tu ndiyo inayostahimili kuguswa.

Mtoto hodari atauliza: je, kaya zote zikitangaziana mipango, si mambo yatatengemaa? Msijibu haraka. Chukueni mfano wa bomba la maji la kijiji. Ikienea habari kwamba saa nane hapana foleni, kesho yake ndoo zote zitakuwa pale saa nane. Habari iliyokuwa kweli jana imeharibiwa na wale walioisikia. Ndivyo na vitunguu: kikitangazwa kwamba wengi watapanda, wengi wataacha pamoja. Kujua husaidia iwapo watu hawageuki wote kwa mkupuo mmoja, au iwapo wana ghala la kuhifadhi ziada na mkopo wa kuwawezesha kungoja. Nyanya, kwa bahati mbaya, hazingoji.

Kipindi kimoja hakitoshi. Tengeni viwili, cha pili kiwe cha hesabu za wastani na kuchora grafu ya bei. Kazi ya nyumbani iwe swali moja tu la kumwuliza mzazi: ulipoamua kupanda, ulikuwa unajua nini, na usingeweza kujua nini? Majibu yasomwe darasani na watoto wenyewe, kila aliye tayari, bila mwalimu kuyasahihisha.