Mnataka Kukodi Ndege Mwende Ukambani? Chagueni Kiwanja Kwanza

Wasee, sherehe za Ukambani zimebadilika. Kitambo mkienda ntheo ya beste yenu Kitui mlikuwa mnajipanga na matatu mbili, na mbuzi wanatangulia na Probox. Siku hizi kila mbogi iko na msee mmoja ameomoka, na saa tano usiku anaandika kwa grupu ya WhatsApp: "Si tukodi tu ndege?"

Sawa, inawezekana. Lakini kabla mchange doo, swali la kwanza si ndege gani. Swali la kwanza ni mnarukia wapi na mnashukia wapi. Mkikosea hapo mnaeza lipa bei ya ndege na bado mpate wale walitumia matatu washakula muthokoi na kumaliza. Na hiyo ndio hasara ndogo. Kuna ile kubwa, tutaifikia.

Nairobi: Wilson ama JKIA?

Ndege nyingi ndogo za kukodi zinatoka Wilson, pale Lang'ata Road. Ni kiwanja kizee kuliko hata JKIA. Kilianza miaka mingi kabla ya JKIA, iliyofunguliwa 1958 ikiitwa Embakasi. Wilson iko karibu na tao, foleni ya ukaguzi ni fupi, na mafuta ya ndege ndogo yako hapo hapo.

Shida ya Wilson ni mbili. Moja, imejaa. Ndege za watalii, za mafunzo, za daktari na za miraa zote ziko kwa hiyo anga. Machi 2024 ndege ya abiria aina ya Dash 8 iligongana na Cessna 172 karibu na hapo, juu ya Nairobi National Park, na watu wawili waliokuwa kwa Cessna wakafariki. Mbili, njia yake ya kurukia ni fupi, karibu kilomita moja na nusu. JKIA iko na zaidi ya kilomita nne.

Sasa JKIA unaitumia lini? Kama wageni wenu wanashuka hapo na ndege kubwa, tuseme mjomba anatoka Doha na mabegi yake yote. Ndege ndogo inaeza mchukulia hapo hapo, badala ya yeye kupambana na jam hadi Wilson. Lakini jua mtalipa ada zaidi, na kandege kenu katapanga laini nyuma ya majitu makubwa.

Na kama kuna msee anatoka nje na ndege yake ya kukodi, tuseme Dar, asidhani atashuka Kitui moja kwa moja. Lazima kwanza atue kiwanja chenye forodha na uhamiaji, kama JKIA, Wilson ama Mombasa. Pasipoti haigongwi kwa kichaka.

Kitui na Makueni si kitu moja

Hapa ndio watu wengi hupotea. Wanaangalia ramani, wanaona kaunti mbili majirani, wanafikiria hesabu ni ile ile.

Kitui ni rahisi. Kiwanja kiko upande wa Ithookwe, si mbali na mji. Kutoka Wilson ni kama kilomita 130 kwa hewa. Ndege kama Cessna Caravan inaenda karibu kilomita 300 kwa saa, so mko hewani nusu saa hivi. Ongeza dakika 45 za kufika mapema Wilson na dakika chache za gari mkishuka. Mmemaliza kwa saa moja na nusu. Kwa barabara ni saa tatu na ushee. Hapo ndege imefanya kazi.

Makueni sasa. Kiwanja ambacho watu hutaja ni Makindu, kando ya Mombasa Road. Kama sherehe ni Makindu ama Kibwezi, fiti kabisa. Lakini kama ni Wote, cheki hii: dakika 45 Wilson, nusu saa hewani, dakika 15 za kushusha mizigo, halafu saa moja ama zaidi ya gari kutoka Makindu hadi Wote. Jumla saa mbili na nusu. Gari kutoka Nairobi kupitia Machakos inafika Wote na karibu masaa hayo hayo, na haijalishi umebeba mabegi mangapi.

So kwa Wote, jibu la ukweli ni: pandeni gari, hiyo chapaa iende kwa bibi harusi. Usipime umbali wa ndege. Pima kutoka mlango wa keja hadi kwa hema.

Jua, uzito na ile siti ulinyimwa

Mimi sikumaliza chuo, lakini hii hesabu hata mimi nimeielewa.

Hewa ikipata joto inakuwa nyepesi. Ikiwa nyepesi, mabawa yanabeba kidogo na injini inavuta kidogo, so ndege inahitaji njia ndefu zaidi kuruka. Kitui iko karibu mita 1,100 juu ya bahari. Siku ya jua kali, nyuzi 32 hivi, ndege inafanya kazi kama iko karibu mita 2,000. Yaani mwili uko Kitui lakini injini inahisi iko juu ya Nakuru.

Halafu kuna mafuta. Viwanja vidogo vya mashinani huwa havina pampu. Ndege inabeba mafuta ya kwenda na ya kurudi, na mafuta ni kilo. Ndio maana unaambiwa ndege ina siti 12 lakini mtaenda 9, na begi ni kilo 15, laini, si sanduku ngumu. Hiyo si roho mbaya. Rubani anahesabu mtu, begi, mafuta, joto na urefu wa kiwanja, vyote pamoja.

Kwa hivyo, mkiulizwa uzito wenu, semeni ukweli. Hapa si Instagram. Ukidanganya kilo kumi na wenzako nane wadanganye kumi, mmemfichia rubani kilo 90. Huyo ni mtu mzima mwingine amepanda bila kuonekana.

Busia, 2003

Hii ndio hasara kubwa nilikuwa nasema. Januari 24, 2003, serikali ya NARC haijamaliza hata mwezi, mawaziri walikuwa wametoka kwa sherehe Western. Ndege yao, Gulfstream ya propela, ilikuwa inaruka kutoka kiwanja kidogo cha Busia ikagonga nyaya za stima. Waziri wa Leba, Ahmad Khalif, alifariki pamoja na marubani wawili. Martha Karua na Raphael Tuju walikuwa ndani, wakapona.

Wakubwa wa serikali, sherehe ya nyumbani, kiwanja kidogo. Pesa na cheo havirefushi kiwanja, na nyaya hazijui nani ni mheshimiwa.

Si tuchukue chopa basi?

Chopa inatatua shida ya Wote, inaeza shuka karibu na sherehe. Lakini inabeba watu wachache, saa moja yake inauma mfuko, na joto linaiumiza pia. Bado inahitaji uwanja wazi, bila nyaya, bila mahema ya kupeperushwa, na bila watoto wa mtaa wote kukimbilia. Na mkia wake unaua. Hakuna kuusogelea kwa sababu ya selfie.

Maswali ya kuuliza kabla mtume pesa

Moja: kampuni iko na cheti cha kubeba abiria kwa malipo, kile kinaitwa AOC? Kinatolewa na KCAA. Msee mwenye leseni ya rubani binafsi haruhusiwi kukubeba kwa nauli, hata akiwa beste yako, hata mkiita "kuchangia mafuta".

Mbili: nani amekiangalia hicho kiwanja wiki hii? Mvua ya Oktoba hadi Desemba inageuza murram kuwa tope, na mbuzi hawasomi ratiba. Panga msee na simu na pikipiki awe hapo mapema.

Tatu: mnarudi saa ngapi? Viwanja vingi vya mashinani havina taa, na jua linazama saa kumi na mbili na nusu hivi. MC akichelewesha keki, ndege haitawangoja. Kumbuka pia kwamba Juni hadi Agosti asubuhi Nairobi huwa na mawingu ya chini, so kutoka mapema sana kunaeza chelewa.

Nne: ndege ikirudi tupu, nani analipa? Mara mingi ni nyinyi. Uliza kabla.

La mwisho si swali. Rubani akisema "leo hapa siruki" ama "mtu mmoja abaki", usimwongezee doo na usimpigie mheshimiwa simu. Yule atabaki, mtafutie siti kwa matatu. Atafika akiwa na vumbi kiasi, na atapata nyama.