Mvua Moja au Mvua Mbili?

Mtu asimamaye Kilakala, mjini Morogoro, wakati wa masika, huona mvua ikishuka kutoka milima ya Uluguru, ikanyesha saa nzima, ikanyamaza nusu saa, kisha ikarudi. Je, hiyo ni mvua moja au mbili? Swali laonekana la kitoto, lakini mtaalamu asiyelijibu hawezi kuanza kazi.

Kipimamvua cha kawaida husomwa mara moja kwa siku, saa 3 asubuhi, na mvua zote za siku huwa tarakimu moja. Kile chenye kalamu huchora mstari juu ya karatasi izungukayo: mstari ukipanda, mvua inanyesha, ukilala, imekoma.

Tofauti hiyo si ndogo. Tarehe 23 Februari 1970 huko Mgeta, upande wa magharibi wa milima hiyo hiyo, zilinyesha takriban milimita 100 kwa muda usiofika saa 3. Yalitokea maporomoko ya ardhi zaidi ya 1,000, mengi yakianzia mashambani na penye majani, machache mno msituni. Tarakimu ya kutwa peke yake isingeeleza kama maji hayo yalikuja polepole au kwa kishindo.

Kwa hiyo wachunguzi wa mmomonyoko hukubaliana kwanza juu ya kimya. Wengi hutumia saa 6: mvua ikikoma kwa muda huo, ijayo ni nyingine.

Kompyuta iendeshwayo kwa amri za maandishi huleta tatizo lile lile. Yaweza kuhifadhi kila amri na kila jibu, maelfu ya mistari isiyo na aya. Mwalimu atakaye kujua mwanafunzi alikwama wapi, hana budi kuikata kumbukumbu hiyo. Mpaka mdogo ni ile alama ambayo kompyuta huionyesha ikingoja amri (ingawa jibu nalo laweza kuwa na alama kama hiyo, likamdanganya mkataji). Mpaka mkubwa ni kimya, mathalani dakika 30. Lakini hapa kimya si ukame: huenda mwanafunzi anafikiri, au kompyuta yenyewe inakokotoa. Tena, kompyuta nyingi haziandiki saa ya kila amri mpaka ziagizwe. Na pasipo saa, kimya hakipimiki.

Wenye kompyuta shuleni na wajaribu: waikate kumbukumbu moja kwa kimya cha dakika 5, kisha cha dakika 30, wahesabu matukio, halafu wabishane.