Kabla ya kupimiwa nusu kilo, uliza nyama ilisafiri na nini

Tuongee ukweli. Ukiingia kwa buchari mtaani unaangalia vitu vitatu: bei, mafuta, na kama mzani unakuchezea. Aliye mjanja zaidi atatafuta ule muhuri wa wino kwenye paja la ng'ombe. Akiuona, roho inatulia. "Boss, nipimie nusu, na usiniwekee mifupa tupu."

Muhuri huo usiudharau. Maana yake ni kwamba mkaguzi alimwangalia mnyama akiwa hai, akaikagua nyama baada ya kuchinjwa, akaridhika kuwa inafaa kuliwa. Lakini unapigwa kichinjioni. Kilichotokea baada ya nyama kutoka pale langoni, muhuri haujui. Na hapo katikati, kati ya kichinjio na ndoano ya buchari wako, ndipo nyama safi huharibikia.

Chukua Nairobi. Ng'ombe anachinjwa Dagoretti, huko pembeni mwa jiji. Nyama inayoelekea soko la Burma, Jogoo Road, lazima ikate jiji zima, na barabara zetu za asubuhi unazijua. Ikifika inashushwa, inabebwa begani, inakatwa, kisha nyingine inapanda pikipiki kwenda mtaani kwenu. Hesabu ni mikono mingapi imeigusa kabla hujasema "nusu".

Sasa hesabu nyingine. Niliacha chuo, lakini hii haihitaji digrii. Bakteria wakipata joto, unyevu na chakula cha kutosha, wapo wanaoongezeka maradufu kila dakika 20. Tuseme mmoja ameingia kwenye nyama saa kumi na mbili asubuhi. Saa moja ni 8. Saa mbili ni 64. Saa tatu ni 512. Saa nne, jua limeshaanza kuchoma, ni 4,096. Na hakuna nyama inayoanza safari na bakteria mmoja. Wanapenda joto la kati ya nyuzi 5 na 60, yaani hali ya kawaida kabisa ndani ya sanduku la bati lililoanikwa juani. Ndiyo maana nyama inafaa kupozwa kabla ya safari na kusafiri ikiwa baridi.

Najua utasema nini. "Mimi napika mpaka inaiva." Poa, moto wa kutosha unaua Salmonella na E. coli. Lakini kuna bakteria anaitwa Staphylococcus aureus, ambaye huishi puani na kwenye ngozi za watu wengi, wakiwemo wanaobeba nyama mabegani. Akizaana vya kutosha anaacha sumu, na sumu hiyo haiishi hata ukichemsha. Utamuua yeye, sumu yake itabaki kwenye supu. Halafu kuna kachumbari. Ukikata nyanya kwa kisu na ubao uliokatia nyama mbichi, wale bakteria hawajapita motoni hata sekunde moja.

Usifikirie pia kwamba wekundu ni ushahidi. Mwaka wa 2019 uchunguzi wa runinga ulizua kasheshe nchini, baada ya kuonyesha jinsi kemikali inavyotumiwa kuifanya nyama ionekane freshi. Rangi inaweza kudanganya. Harufu na utelezi vinasaidia, lakini hata vyenyewe huchelewa kukuonya.

Sheria ipo, wala si ya jana. Tuna Sheria ya Udhibiti wa Nyama, Sura ya 356, na kanuni za usafirishaji zilizotoka 1976. Kwa lugha ya mtaani: chombo cha nyama kinabeba nyama tu, si nyama leo na viazi kesho. Kinakaguliwa na kupewa kibali. Ndani kiwe laini, kioshike vizuri, kisishike kutu, na kifungwe vumbi na nzi wasiingie. Nyama itoke kichinjioni na cheti cha mkaguzi. Matumbo yasafiri kando, yasilale juu ya steki. Anayebeba avae koti safi na awe amepimwa afya.

Kwa hivyo tusiwalaumu watu wa boda bure. Pikipiki si tatizo. Sanduku likiwa zuri na limekaguliwa, pikipiki inaweza hata kuwa afadhali kuliko pikapu iliyokwama kwenye jam, kwa sababu inafika haraka. Tatizo ni gunia. Ni sanduku la mbao lililonyonya damu ya wiki nzima. Ni buti la gari lililobeba mafuta ya taa jana. Ni abiria kukalia sanduku, na nyama iliyofunikwa kwa karatasi chafu.

Kama wewe ndiye unayeendesha, na najua mko wengi mnaosoma hapa, sanduku lako ndilo kazi yako. Lioshe kwa maji moto na sabuni kila siku, uwapige bakteria waliobaki kwa dawa ya klorini, ulisuuze na uliache likauke. Liegeshe kivulini. Ukimwangusha mteja mmoja kwa tumbo, hatakutafuta wewe. Atamhama buchari wako, na buchari atakuhama wewe.

Kama wewe ni mnunuzi, una nguvu kuliko unavyodhani. Muulize tu kwa heshima: "Boss, nyama ya leo imefika saa ngapi? Imekuja na nini?" Mwenye kazi safi atakujibu bila kukuna kichwa, na wengine watakuonyesha cheti. Anayekasirika amekujibu pia. Ukipita asubuhi wakati nyama inashushwa, simama dakika mbili utazame. Ukiona gunia, ofisi ya afya ya umma ya kaunti inastahili kujua.

Halafu kuna safari ya mwisho, ambayo dereva ni wewe. Mambo ya kununua nyama saa nane, kupitia kwa beste, kisha kufika nyumbani saa moja jioni, achana nayo. Nyama inunuliwe mwisho, na isikae nje ya friji zaidi ya saa mbili. Na ule mguu wa mbuzi ambao mama anakufungia ukitoka ushago Desemba? Usiuweke kwenye buti la basi usiku kucha ukiwa mbichi. Mwambie mapema augandishe kama kuna friza, usafiri ndani ya kasha lenye barafu. Kama hakuna, jifunze kwa watu wa kaskazini. Wao hukata nyama ya ngamia vipande vidogo, wakaikausha, wakaikaanga na kuihifadhi ndani ya mafuta. Hiyo ndiyo nyirinyiri, na imevuka jangwa miaka na mikaka bila friji.

Wao walijua safari ni sehemu ya mapishi. Sisi wenye friji na lami tunaweza angalau kuuliza swali moja kwenye kaunta.