Kupandikiza nywele: Yajue haya kabla hujatoa pesa

Kaa kwa kinyozi Mombasa jioni moja na huenda ukayasikia mazungumzo haya. Kijana ameanza kuota upara, simu yake imejaa picha za wanaume waliorudi kutoka Istanbul na nywele zimejaa kichwani, na swali lake ni moja tu: nitafute pesa na mimi niende?

Kabla ya kumjibu, kuna jambo ambalo matangazo hayalisemi waziwazi. Upasuaji huu hautengenezi nywele mpya, unahamisha zile ulizo nazo. Daktari huchukua mizizi ya nywele kisogoni, ambako kwa wanaume wengi nywele hazidondoki, na kuipanda palipo na upara. Mzizi huo hubaki na tabia ya kule ulikotoka, ndiyo maana hudumu. Lakini kisogo ni akiba isiyoongezeka. Mzizi uking'olewa pale, hauoti mwingine.

Njia zinazotumika sana ni mbili. Ya kwanza, daktari hukata ukanda mwembamba wa ngozi kisogoni, hushona, kisha huutenganisha mzizi mmoja mmoja. Hii huacha kovu la mstari. Ya pili, mizizi hutolewa mmoja mmoja kwa kifaa chenye tundu la takriban milimita 1, na huacha alama ndogo za nukta. Zote mbili hufanywa kwa sindano za ganzi, mgonjwa akiwa macho, na kazi yaweza kuchukua siku nzima.

Siku chache za kwanza paji la uso huweza kuvimba, hata machoni. Magamba hudondoka baada ya wiki moja au mbili, nawe hutakiwi kuyakuna. Jua letu, jasho na maji ya bahari yasubiri mpaka daktari akuruhusu. Kwa sababu kuinama huongeza uvimbe, anayesali kwa kusujudu aulize mapema siku hizo asali vipi.

Kisha huja kipindi kinachowatisha wengi. Kati ya wiki ya 2 na ya 8, nywele zilizopandwa hudondoka. Mtu hudhani ametapeliwa, kumbe mzizi ungali chini ya ngozi. Nywele huanza kuota mwezi wa 3 au wa 4, na matokeo kamili huonekana baada ya mwaka mmoja, wakati mwingine mwaka na nusu.

Sisi wenye nywele za kipilipili tuna mambo mawili zaidi ya kuangalia. Mizizi yetu imejipinda chini ya ngozi, kwa hivyo daktari asiye na uzoefu nayo huikata badala ya kuitoa nzima. Pili, ngozi nyeusi huelekea zaidi kuota keloidi, yale makovu yanayovimba. Kama umewahi kuota keloidi, au una vipele sugu kisogoni, mwambie daktari kabla ya lolote.

Kina dada waliopoteza nywele za mbele kwa misuko ya kubana walegeze misuko kwanza. Ikiwa mapema, nywele huweza kurudi zenyewe. Na kama kuna ugonjwa unaoacha makovu kichwani, kupandikiza kabla haujatulia ni kupoteza mizizi na pesa.

Kijana wetu naye ajue kwamba upara wake haujamaliza safari. Akipandikiza mbele leo, nywele za nyuma yake zinaweza kuendelea kudondoka na kumwachia kisiwa. Ndiyo maana daktari mwangalifu huweza kumwanzishia dawa kwanza, kama minoxidil ya kupaka, na kumwambia asubiri.

Kwa hivyo, kabla ya kulipa uliza: nani hasa atanipasua, daktari au msaidizi? Amewahi kuwapandikiza watu wenye nywele kama zangu, nami nione picha zao baada ya mwaka? Kovu likiharibika nikiwa nimesharudi nyumbani, nani atanitibu? Hapa Kenya, hakikisha daktari na kituo chake wamesajiliwa na baraza la madaktari, KMPDC.

Upara hauumi wala hauui. Anayekuharakisha ulipe leo kabla bei haijapanda, mwache. Kisogo ulicho nacho ni kimoja.